Baiskeli ya Umeme: Chaji Iliyobaki Itafika Wapi?

Betri ya baiskeli ya umeme iliyojaa na ile iliyokwisha hufanana kwa kila kitu. Uzito ni uleule, sura ni ileile, na mkono ukiigusa haupati habari yoyote. Mwenye pikipiki ya petroli anaweza kuitikisa akasikia mafuta yakicheza kwenye tangi, au akafungua kifuniko akachungulia. Mwenye betri hana njia hiyo. Anachopata ni dalili za pembeni: taa nne au tano kwenye usukani, namba ya asilimia kwenye kioo, au kilomita ambazo chombo chenyewe kinakisia kuwa zimebaki. Dalili zote hizo ni makadirio, na kila moja ina namna yake ya kukosea. Anayeelewa zinavyopatikana hupanga safari akafika. Asiyeelewa hushtukia chombo kimezimika katikati ya mlima, na baiskeli ya kilo 25 haisukumiki kwa raha mlimani, sembuse pikipiki.

Hesabu yote huanzia kwenye ukubwa wa betri. Kinachotembeza chombo ni nishati, nayo hupimwa kwa wati-saa. Kwenye kibandiko cha betri huandikwa namba mbili, volti na ampea-saa. Zikizidishwa, jibu ni wati-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Ya volti 48 na ampea-saa 14 ina wati-saa 672. Betri ya bodaboda ya umeme ya volti 72 na ampea-saa 40 ina wati-saa 2,880, yaani karibu uniti tatu za umeme wa nyumbani, kwa kuwa uniti moja ni wati-saa 1,000. Wauzaji wengi hutaja ampea-saa peke yake, na hapo mnunuzi hupotea: ampea-saa 14 za volti 36 na ampea-saa 14 za volti 48 si kitu kimoja, ya pili inazidi ya kwanza kwa theluthi nzima. Anayetaka kulinganisha betri mbili aulize wati-saa, na kama muuzaji hazijui, azidishe mwenyewe.

Si wati-saa zote zilizoandikwa zinazotumika. Sehemu ndogo hubaki betrini wakati chombo kinapojizima ili kuilinda, na nyingine hugeuka joto kwenye nyaya, kwenye kontrola inayoongoza mota na ndani ya betri yenyewe. Kwa betri mpya ni busara kuhesabu asilimia 90 tu ya namba ya kibandiko. Kwa hiyo wati-saa 672 zihesabiwe kama 600.

Sasa zile taa. Kwenye baiskeli nyingi za bei nafuu, taa za chaji hazipimi kiasi cha nishati. Zinapima volti tu, na kila taa imewekewa kiwango chake: volti zikishuka chini ya kiwango hicho, taa inazima. Wazo hilo lina msingi, kwa sababu volti za betri ya lithiamu hushuka kadiri inavyotumika. Seli moja ya aina inayotumika zaidi kwenye baiskeli, yenye nikeli, manganizi na kobalti, huwa na volti 4.2 ikijaa na takriban volti 3 ikikwisha. Betri inayoitwa ya volti 48 ina makundi 13 ya seli hizo yaliyofuatana, kwa hiyo ikitoka kwenye chaja husoma volti 54.6, na ikikaribia volti 39 au 40 kontrola huzima mota. Ya volti 36 ina makundi 10; hujaa kwenye 42 na huisha karibu na 30.

Kati ya namba hizo mbili volti hazishuki kwa mwendo mmoja, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Chukua betri ya volti 48 iliyotulia, ambayo haijatembezwa kwa nusu saa hivi. Ikisoma volti 52, ina takriban asilimia 80. Ikisoma 50, imebaki na asilimia 60 na kitu. Ikisoma 48, imebaki karibu nusu au pungufu kidogo. Ikifika 46.8, imebaki robo tu, na kwenye 45.5 iko kati ya asilimia 10 na 15. Kutoka hapo volti huporomoka: zile volti tano na zaidi zilizo kati ya 45 na 39 zinabeba nishati kidogo sana kuliko volti tano zilizo kati ya 52 na 47. Mtu anayegawa namba sawasawa, akidhani volti 47 ni katikati ya 54.6 na 39, atajiona ana nusu ya chaji wakati robo tatu imekwisha kwenda.

Jina lenyewe la betri huchangia kosa hili. Betri ya volti 48 inayosoma volti 48 kwenye multimita huonekana kama iko sawa kabisa, hata imejaa. Ukweli ni kwamba imeshapita katikati ya safari yake.

Tatizo kubwa zaidi la taa za volti huonekana chombo kikiwa mwendoni. Kila betri ina ukinzani ndani yake, na mkondo unapopita, volti hupungua kwa kiasi cha mkondo huo ukizidishwa kwa ukinzani. Tuseme betri ya volti 48 ina ukinzani wa omu 0.15. Mwendeshaji yuko kwenye tambarare, mota inavuta ampea 5. Volti zinapungua kwa 0.75, na kioo hakionyeshi mabadiliko ya maana. Mlima unaanza, mota inavuta ampea 20. Volti zinapungua kwa 3 nzima. Betri iliyokuwa ikisoma 49 sasa inasoma 46, taa mbili zinazima kwa mpigo mmoja, na mwendeshaji anaingiwa na hofu. Akifika juu na kuachia mkono, volti zinarudi na taa zinawaka tena. Chaji haikurudi, kwa kuwa haikuwa imekwenda. Kilichobadilika ni mzigo tu.

Kwa hiyo taa za volti zisomwe chombo kikiwa kimesimama, mota haivuti kitu, na ikiwezekana baada ya dakika chache za kupumzika. Betri iliyotoka kufanya kazi ngumu huchukua muda kutulia, na volti zake huendelea kupanda polepole hata baada ya mota kuachiwa. Kadhalika, betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi husoma juu kidogo kuliko hali yake halisi, kisha hushuka kwa sehemu ya volti bila kutumika. Kusoma katika hali ileile kila siku, kwa mfano asubuhi kabla ya kuondoka na jioni baada ya kufika na kupumzika, kuna faida kuliko kutazama kioo njia nzima.

Kuna aina ya pili ya betri ya lithiamu, ile ya chuma na fosfati, inayopendwa kwenye pikipiki na bajaji za umeme kwa sababu inadumu miaka mingi na haishiki moto kwa urahisi. Kwa betri hii, kusoma chaji kwa volti karibu hakufai kabisa. Seli yake hukaa kati ya volti 3.2 na 3.35 kwa sehemu kubwa ya safari. Betri yenye makundi 16 ya seli hizo, iliyotulia, inaweza kutumika kutoka asilimia 90 hadi 20 huku volti zikishuka kwa takriban mbili tu, kiasi ambacho mlima mmoja mdogo unakifunika. Kioo cha taa kilichotengenezewa aina ya kwanza kikifungwa kwenye betri ya aina ya pili huonyesha chaji nyingi siku nzima, kisha kila kitu huzima ndani ya dakika chache. Anayebadilisha betri kwa fundi ahakikishe kwamba kioo kimepangwa upya kwa aina mpya, au akubali kwamba taa zake hazina maana tena.

Zile betri za risasi na asidi ambazo bado zipo kwenye baiskeli za bei ya chini na bajaji za zamani zina kasoro nyingine: zikivutwa kwa nguvu, hutoa nishati ndogo kuliko zikivutwa polepole. Betri hiyohiyo ya ampea-saa 20 itatoa pungufu mno mlimani na kwenye kasi. Kusimama na kusubiri huirudishia kidogo, lakini si ya kutegemea.

Njia bora ni kuhesabu umeme unaotoka badala ya kupima volti. Ndani ya betri za kisasa, kwenye ile bodi inayosimamia seli ambayo mafundi huiita BMS, kuna kipimo kidogo kinachopitiwa na mkondo wote. Bodi inajua ni ampea ngapi zimepita na kwa muda gani, inazijumlisha, kisha inatoa jumla hiyo kwenye ukubwa wa betri. Asilimia inayopatikana hivi hairuki mlimani wala hairudi kwenye mteremko. Inashuka taratibu kama inavyotakiwa. Betri nyingi za namna hii huonyesha hesabu zao kwenye simu kwa Bluetooth, na mwenye baiskeli ya kawaida anaweza kununua kipimo cha wati cha kufunga kati ya betri na kontrola, kifanye kazi hiyohiyo. Kati ya vyote ambavyo mtu anaweza kuongeza kwenye baiskeli ya umeme, hakuna kinachomsaidia zaidi ya kipimo hiki.

Nacho kina udhaifu wake. Kila kipimo cha mkondo hukosea kidogo, na makosa madogo hujumlishwa siku baada ya siku. Hesabu hurekebishwa betri inapojaa kabisa, kwa kuwa hapo bodi inajua kwa uhakika kwamba imefika asilimia 100. Mwenye kuchaji nusu nusu kwa wiki kadhaa, bila kuiacha ijae, ataona asilimia ikianza kudanganya. Tiba ni kuichaji mpaka chaja ionyeshe kijani na kuiacha hapo kwa saa moja au mbili, jambo ambalo pia huipa bodi nafasi ya kusawazisha seli. Ikumbukwe vilevile kwamba bodi inatumia ukubwa wa betri uliowekwa kiwandani. Betri ikichoka, na bodi isijue, asilimia 30 ya kwenye kioo inaweza kuwa sifuri ya kweli.

Hapo ndipo asilimia yenyewe inapohitaji kuangaliwa upya. Asilimia ni sehemu ya kitu, haisemi kitu chenyewe ni kikubwa kiasi gani. Kikombe na ndoo vyote hujaa asilimia 100. Suala hili linawagusa moja kwa moja waendesha bodaboda wanaobadilisha betri vituoni. Mtindo huo umeenea Kigali, ambako kampuni ya Ampersand ilianza kuweka pikipiki za umeme barabarani mwaka 2019, na baadaye Nairobi, Kampala na kwingineko. Mwendeshaji hufika kituoni na betri iliyokwisha, akapewa iliyojaa, akaondoka. Betri aliyopewa asubuhi na ya mchana zote zinasoma 100, lakini moja inaweza kuwa mpya na nyingine imefanya kazi miaka mitatu. Betri ya lithiamu huhesabiwa kuwa imechoka inapobaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Kwa betri ya wati-saa 2,880, tofauti kati ya mpya na iliyofikia hapo ni wati-saa 576, nazo zinatosha kilomita 15 hivi za abiria. Waendeshaji wazoefu hawaangalii 100 ya mwanzo. Huangalia asilimia ngapi zimeondoka kwenye kilomita kumi za kwanza, na kutoka hapo wanajua betri waliyopewa ni ya namna gani.

Nusu ya pili ya hesabu ni matumizi, yaani wati-saa ngapi zinaondoka kwa kila kilomita. Hapa kasi ndiyo inayotawala. Kwa mwendeshaji na baiskeli vyenye jumla ya kilo 100, kwenye lami tambarare isiyo na upepo, bila kukanyaga pedeli hata kidogo, hesabu ya fizikia inatoa takriban wati-saa 6 hadi 7 kwa kilomita kwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Kwenye 30 zinakuwa 11 hadi 12. Kwenye 40 zinakaribia 18. Betri yenye wati-saa 600 za kutumika itamfikisha kilomita 90 kwa mwendo wa kwanza, 50 na kitu kwa wa pili, na 33 tu kwa wa tatu. Sababu ni hewa: msukumo wake hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kasi ikiongezeka maradufu, hewa inarudisha nyuma mara nne. Kwa baiskeli, hakuna kitu kinachookoa chaji haraka kama kupunguza mwendo kwa kilomita 5 au 10 kwa saa.

Upepo unaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Anayetoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam wakati wa kusi anakutana na upepo usoni. Akienda kilomita 25 kwa saa na upepo ukivuma kwa 15, hewa inamkabili kana kwamba anakwenda 40, na msukumo wake ni mara mbili na nusu ya siku tulivu. Akirudi, upepo uleule unamsukuma. Chaji iliyotosha kumfikisha Bagamoyo si lazima imtoshe kwenda tena Dar es Salaam, ingawa barabara ni moja na kilomita ni zilezile.

Kukanyaga pedeli hubadilisha picha nzima. Mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kutoa wati 75 kwa saa nzima bila kujiumiza. Kwenye kilomita 20 kwa saa hizo ni zaidi ya nusu ya nguvu yote inayohitajika kwenye tambarare, na betri inabakiwa na kazi ndogo. Hii ndiyo siri ya matangazo. Baiskeli yenye betri ya wati-saa 360 inayoahidi kilomita 100 imegawa 360 kwa 100 ikapata wati-saa 3.6 kwa kilomita. Kiasi hicho kinapatikana tu kama mwendeshaji ni mwepesi, anakanyaga muda wote, anakwenda polepole, na msaada wa mota umewekwa kwenye ngazi ya chini. Mnunuzi mwenye kalamu anaweza kuijaribu ahadi yoyote dukani kwa kugawa hivyo. Jibu likiwa chini ya 5, ajue kwamba miguu yake ndiyo itakayofanya sehemu kubwa ya kazi.

Milima ina gharama yake, inayohesabika kwa uhakika mkubwa. Kuinua kilo 100 kwa mita 100 kunahitaji wati-saa 27, na ukiongeza zinazopotea kwenye mota zinafika 35 hivi. Kutoka Nairobi kwenda Limuru, mwendeshaji anapanda takriban mita 500. Kwa baiskeli yenye kilo 100 pamoja na mtu wake, kupanda peke yake kunakula kama wati-saa 175, yaani zaidi ya robo ya betri ya volti 48 na ampea-saa 14, kabla ya kuhesabu hewa na lami. Pikipiki yenye kilo 120, dereva na abiria, jumla kilo 260, inatumia karibu wati-saa 90 kwa kila mita 100 za kupanda. Ndiyo maana bodaboda ya Kigali na bodaboda ya Dar es Salaam zenye betri sawa haziwezi kuulizwa kilomita sawa.

Kushuka hakurudishi kilichotumika. Baadhi ya mota zinaweza kuzalisha umeme kwenye mteremko au kwenye breki na kuurudisha betrini, lakini kwa baiskeli kinachopatikana kwa kawaida hakifiki sehemu moja ya kumi ya matumizi. Baiskeli nyingi hazina uwezo huo kabisa. Faida halisi ya mteremko ni kwamba betri inapumzika.

Foleni nayo inakula. Kila mara chombo kinaposimama na kuondoka tena, nishati ya mwendo hupotea kwenye breki na lazima itolewe upya. Kwa baiskeli inayofika kilomita 30 kwa saa, kusimama kumoja kunagharimu wati-saa moja na kitu, kwa bodaboda yenye abiria inayofika 45, karibu saba. Mzigo huonekana zaidi hapo na mlimani kuliko kwenye tambarare. Tairi laini, breki inayogusa gurudumu na barabara ya mchanga huongeza matumizi bila kelele yoyote. Ni vizuri kulinyanyua gurudumu na kulizungusha kwa mkono mara moja kwa wiki, na likisimama mapema, breki irekebishwe.

Makadirio yote haya yanasaidia kuanzia, lakini namba inayofaa ni ya chombo chenyewe, barabara yenyewe na mtu mwenyewe. Asiye na kipimo cha wati anaweza kuipata kwa mita ya nyumbani. Betri ijazwe kabisa, mtu aende safari zake za kawaida, aandike kilomita. Akirudi, azime vitu vingine vya umeme nyumbani, asome uniti kwenye mita ya LUKU au ya tokeni, achaji mpaka ijae, kisha asome tena. Tuseme alikwenda kilomita 30 na mita ikapungua kwa uniti 0.4. Hizo ni wati-saa 400 zilizotoka ukutani. Chaja na betri hupoteza kama asilimia 10 hadi 15 kwa joto, kwa hiyo kilichoingia betrini ni takriban wati-saa 350. Ukigawa kwa 30 unapata karibu wati-saa 12 kwa kilomita. Mita nyingi hazionyeshi sehemu ndogo za uniti kwa usahihi, hivyo jibu la safari tatu au nne zilizojumlishwa linaaminika zaidi kuliko la moja.

Muda wa kuchaji pia husema jambo. Chaja ya ampea 2 huingiza takriban ampea-saa 2 kwa kila saa, isipokuwa mwishoni inapopunguza kasi. Betri ya ampea-saa 14 iliyojaa baada ya saa tatu na nusu ilikuwa imetumika karibu nusu tu. Iliyochukua saa saba ilikuwa imekwisha. Anayechajisha kibandani kwa malipo, na ambaye hana multimita, bado ana saa mkononi.

Vyombo vya bei ya juu huonyesha kilomita zilizobaki. Namba hiyo hupatikana kwa kugawa nishati iliyobaki kwa matumizi ya kilomita chache zilizopita, kwa hiyo kioo kinaamini kwamba barabara iliyo mbele inafanana na iliyo nyuma. Aliyetoka kuteremka Limuru ataoneshwa kilomita nyingi kuliko atakazozipata Nairobi, na aliyepanda ataoneshwa chache mno wakati mteremko unamsubiri. Namba hiyo ni nzuri kwa anayezunguka mji mmoja siku nzima. Kwa anayesafiri kutoka bonde hadi mlima, wati-saa na ramani vinamfaa zaidi.

Hesabu ya safari basi ni fupi. Mwenye betri yenye wati-saa 600 za kutumika, anayetumia 12 kwa kilomita, ana kilomita 50. Kutoka hapo aondoe akiba. Kwa baiskeli yenye pedeli, asilimia 15 zinatosha, kwa kuwa miguu ipo. Kwa pikipiki ni salama kuacha 20 au zaidi, kutegemea umbali wa kituo cha kubadilishia betri. Betri yenye miaka miwili au mitatu ihesabiwe upya kabla ya hapo. Asubuhi za baridi za Makete au Limuru zitapunguza kidogo, kwa sababu ukinzani wa betri hupanda joto linaposhuka. Na anayekwenda mahali pasipo na umeme asiangalie nusu ya chaji peke yake. Aulize kama njia ya kurudi ni ya kupanda au ya kushuka, na upepo unatoka wapi.

Chaji ikiwa ndogo, betri huvumilia mkondo mdogo na kukataa mkubwa. Volti zilizo karibu na mwisho zikipungua kwa 3 kwa sababu ya mlima, zinagusa kiwango cha kuzima na chombo kinasimama ingawa nishati kidogo ingalimo. Anayepunguza ngazi ya msaada, akapanda polepole na kukanyaga kwa bidii, anaweza kuzitumia zile asilimia za mwisho zote. Kusimama dakika tano kabla ya mlima pia husaidia, kwani volti hupanda. Lakini kuwasha tena na tena betri iliyojizima, kwa kusaka mita mia zaidi, kunaidhuru: seli zinazoshushwa chini mno huharibika ndani na baadaye zinaweza kuwa hatari kuchaji. Betri iliyokwisha ichajiwe siku hiyohiyo, kwa sababu bodi yake huendelea kunyonya kidogo kidogo hata chombo kikiwa kimezimwa, na wiki kadhaa za kusahauliwa zinaweza kuiua.

Chombo kinachozimika mara kwa mara kikiwa bado kinaonyesha asilimia 30 au 40 kina ugonjwa unaojulikana. Makundi ya seli hufuatana, na bodi huzima yote mara kundi moja linapofika chini. Kundi moja dhaifu kati ya 13 linatosha kuifanya betri nzima ionekane imechoka, ingawa mengine 12 bado yana chaji. Kabla ya kununua betri mpya, fundi mwenye vifaa na ujuzi wa lithiamu aifungue na kupima kila kundi: mara moja ikiwa imejaa, na mara nyingine ikiwa imekaribia kuisha. Makundi yakipishana kwa sehemu chache tu za mia ya volti, betri imezeeka kwa pamoja na haina dawa. Moja likiwa limeachwa nyuma kwa sehemu kadhaa za kumi ya volti na mengine yakiwa sawa, kasoro iko hapo, na kulibadilisha kundi hilo, au kulichaji taratibu mpaka lilingane na wenzake kama lilikuwa limepitwa tu, mara nyingi huirudishia betri sehemu kubwa ya kilomita zake.